Pikapu Isimame Mbele ya Baba Mkwe

Ni sofa lililowaokoa.

Tulipoachana wiki iliyopita, pikapu ya Odyek ilikuwa inateremka mlima wa Naguru bila breki. Odyek alikuwa anakanyaga pedali inayozama kama mguu kwenye matope. Pembeni yake, ameshika dashibodi kwa mikono miwili, alikaa Mzee Sulaimani, yule yule ambaye asubuhi hiyo Odyek alikwenda kumbembeleza amwoze binti yake. Mbele yao barabara ilikata kona.

Pikapu haikukata.

Iliacha lami, ikaruka mtaro, ikaingia kwenye uwanja wa seremala anayeuza samani kando ya barabara. Ilianza na magodoro. Ikalaza kabati la nguo. Ikajikita kwenye rundo la makochi mapya, ikakohoa, ikazimika.

Kukawa kimya. Manyoya ya mto mmoja yalishuka taratibu juu ya kioo cha mbele.

Odyek aligeuka kumtazama mkwe wake mtarajiwa. Mzee alikuwa mzima, kofia yake ya kufuma ikiwa kichwani, kanzu haina hata doa. Odyek akaanza kuomba radhi, lakini mzee hakutaka kusikia neno. Alitaka kitu kimoja tu, kushuka. Akafungua mlango, akateremsha mguu kutafuta ardhi kama mtu yeyote anayetoka garini.

Ardhi haikuwepo.

Kwa yule anayeanza kusoma leo, ijulikane kwamba Odyek hukodisha spika na mahema ya sherehe, na kwamba miezi michache nyuma aliipandisha pikapu yake hewani. Aliweka springi ndefu, shokabu ndefu, na matairi makubwa kama ya trekta, ili akifika kwenye harusi ya watu yeye na spika zake waonekane kabla ya bwana harusi. Watoto wa kambi ya polisi alikozaliwa waliibatiza jina Twiga. Kuipanda kulitaka uvute kiti cha kukanyagia. Kushuka kulitaka umwombe Mungu.

Mzee Sulaimani hakupata nafasi ya kuomba. Alitoka mlangoni na kanzu yake ikijaa upepo, akatua wima, matako yakitangulia, katikati ya sofa la watu watatu, la rangi ya maziwa, bado limefungwa nailoni.

Alikaa hapo. Akajisogeza kidogo kushoto. Akabonyeza godoro la sofa kwa kiganja, na ikaonekana kwamba, licha ya yote, limempendeza.

Hapo ndipo alipotoa hukumu. Alikuwa askari jela mstaafu wa Luzira, na alizungumza kama ambaye milango yote iko mfukoni mwake. Alisema juu ya kabila hana neno. Juu ya dini walishamalizana na sheikh kwenye chai. Lakini binti yake Nabilah hatapanda chombo ambacho hakisimami. Kwa hiyo Jumapili, kwenye mteremko ule wa nyuma ya mlima wenye nyumba chache, sofa hili litawekwa katikati ya barabara na yeye atakaa juu yake. Odyek atateremka na pikapu imejaa watu wa familia zote mbili.

"Gari likisimama, utaoa," alisema. "Lisiposimama, mtanizika halafu hutaoa."

Odyek alimwuliza kwa adabu kama hawezi kuweka pipa tupu la maji mahali pake juu ya sofa, kwa majaribio.

Mzee alijibu kwamba pipa halina binti.

*

Pikapu ilivutwa mpaka gereji ya Opio, fundi mwenye sauti kubwa na tumbo kubwa zaidi, ambaye hujisifu kwamba hakuna gari Kampala asilolijua kwa kikohozi chake. Seremala aliridhika kwa ahadi kwamba Odyek atamsambazia makochi bure mpaka mwisho wa mwezi. Nabilah alifika na boda boda, kofia ya kazini bado kichwani.

Nabilah ni mwalimu wa udereva. Gari lake dogo la kufundishia lina pedali ya pili ya breki upande wa abiria, na miaka ya kuokoa roho za wanafunzi imemwachia mguu usiotulia. Kila akipanda na Odyek, mguu wake wa kulia hukanyaga sakafu kwenye kila kona. Zulia la upande ule lilikuwa limetoboka mpaka chuma kikaonekana. Odyek siku zote alidhani ni panya.

Alimkuta mchumba wake amekaa juu ya tairi, uso umemshuka. Hakumkumbatia wala hakumgombeza. Aliuliza kama baba yuko salama, akauliza kama Odyek yuko salama, kisha akavua koti, akaingia chini ya gari pamoja na Opio.

Huko chini kulikuwa na aibu. Odyek alipoinua pikapu, paipu za mpira zinazopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu ya mbele aliziacha zile zile fupi. Sasa zilikuwa zimekazwa kama nyuzi za gitaa. Gurudumu moja liliingia shimoni kule juu Naguru, likaning'inia, paipu ikakatika, mafuta yakamwagika, na breki za mbele zikakwisha hapo hapo.

"Na za nyuma je?" Odyek aliuliza. "Za nyuma si zilibaki?"

Opio alicheka mpaka tumbo likagonga ekseli. Alimwonyesha kijiti cha chuma kilichofungwa kwenye ekseli ya nyuma. Kazi yake ni kupima bodi iko juu kiasi gani. Bodi ikiinama, kijiti kinajua gari limebeba, kinaziachia breki za nyuma zishike kwa nguvu. Bodi ikiwa juu, kinajua gari ni tupu, kinazibana ili magurudumu yasije yakaganda na gari likateleza.

"Sasa wewe uliinua bodi," Opio alisema. "Hii kitu, hata ukipakia tembo, inaona gari iko tupu. Inakuhurumia bure."

Kwa hiyo tangu siku ile Odyek alipojiona mfalme wa barabara, alikuwa anaendesha na breki nusu, kwenye matairi mazito zaidi kuliko yale ambayo breki hizo zilitengenezewa. Yeye alidhani gari limekuwa gumu kusimama kwa sababu limekuwa na heshima.

*

Kilichotakiwa kilijulikana: breki zenye nguvu zaidi. Zipi, hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Abdul-Latif, binamu wa Nabilah, alikuwa na duka la mapambo ya magari, limejaa taa za buluu na usukani wa manyoya. Alikuwa pia na huzuni. Aliwahi kudhani kwamba Nabilah atakuwa wake, na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo isipokuwa yeye mwenyewe. Aliposikia habari ya sofa, alimwita Odyek dukani kwa sauti ya ndugu wa damu.

Juu ya kaunta, juu ya kitambaa cheusi, alikuwa ameweka breki.

Odyek aliziona akasahau alichotaka kusema. Diski zilikuwa pana kama sinia la pilau, zimetobolewa matundu kwa mpangilio, zinang'aa. Kalipa, yaani ile mikono ya chuma inayozibana diski, zilikuwa kubwa kama viatu vya askari, nyekundu kama pilipili, na zilikuwa na maandishi meupe.

"Ndugu yangu," Abdul-Latif alimnong'oneza, "ukifunga hizi, hata ukiwa umeegesha watu watajua kwamba gari hili linaweza kusimama."

Odyek alizibeba mpaka gereji kwa mikono yake mwenyewe, amezikumbatia kama mtoto mchanga. Alimkuta Nabilah ameshapata zake. Zilikuwa za kijivu. Diski na kalipa kutoka kwenye ndugu mkubwa wa pikapu ile ile, gari la kubebea mizigo mizito, nene, hazina tundu hata moja wala maandishi. Pembeni yake aliweka pedi, zile zinazoisugua diski, ngumu za kuvumilia joto, na paipu mpya ndefu zilizofumwa kwa waya. Zote zilikuwa kwenye gunia.

Odyek aliangalia gunia, akaangalia zake. Alisema hazifanani na gari lake.

Nabilah alisema gari lake halina macho.

Wakabishana. Odyek alidai mteja hawezi kukodi spika kwa mtu mwenye breki za kijivu. Nabilah alidai mteja aliyekufa hakodi chochote. Opio, aliyekuwa anakula muhogo, aliona heri amalize kwa vitendo. Alichukua kalipa nyekundu, akaifunga mahali pake, akachukua rimu ya Odyek aivalishe juu yake. Rimu iligoma. Ilikaa juu ya breki kama kofia ya mtoto juu ya kichwa cha mtu mzima.

Abdul-Latif alipigiwa simu. Alisema hilo ni jambo dogo, anunue rimu kubwa zaidi, anazo. Opio akasema rimu kubwa zaidi zitataka tairi nyembamba, la sivyo zitasugua bodi. Abdul-Latif akasema tairi anazo. Nabilah akauliza tairi nyembamba zitapitaje kwenye mashimo zikiwa na spika mgongoni. Abdul-Latif akasema ndiyo maana wenye akili huweka springi za hewa, nazo anazo. Odyek, akisikiliza yote hayo, alikuwa anaitikia kwa kichwa. Kidogo kidogo alikuwa ananunua gari zima jipya, ili breki zipate pa kukaa.

Nabilah alimpokonya simu, akaikata.

"Odyek," alisema. "Unataka breki zako zionekane, au unataka baba yangu aendelee kuonekana?"

Odyek alichukua spana, akaifungua ile kalipa. Kisha akabeba zile nyekundu, akazirudisha dukani. Njiani aliongea nazo kidogo.

*

Nitawaambia kitu ambacho Nabilah hakukijua wakati huo.

Abdul-Latif alizipokea breki zake bila kinyongo. Alimsifu Odyek kwa kumsikiliza mwanamke, akampa zawadi ya kumfuta machozi. Ilikuwa vifuniko vya plastiki vyekundu, umbo la kalipa kubwa, unavyovibandika juu ya breki za kawaida na hakuna mpita njia atakayejua. Odyek alivificha chini ya shati. Opio alipokwisha kufunga breki za kijivu, kukaza paipu mpya, kurekebisha kile kijiti cha nyuma kikae sawa na urefu mpya wa bodi, na kutoa hewa yote kwenye mafuta, Odyek aliomba aachwe kidogo peke yake na gari.

Opio aliporudi, rangi nyekundu ilikuwa inachungulia kati ya spoku za rimu. Aliiona. Alitafuna muhogo, akanyamaza, kwa sababu alikuwa ameoa na alijua mambo haya hujimaliza yenyewe.

Nabilah alikuwa ameshatangulia na boda boda. Alikuwa ameeleza kwamba breki mpya haziendi mtihanini siku ile ile, pedi na diski lazima zizoeane. Unakimbiza gari, unapunguza kwa nguvu bila kusimama kabisa, unakimbiza tena, unapunguza tena, mpaka zipate joto, kisha unaziacha zipoe. Alichagua barabara ya kuelekea Port Bell, mahali wazi karibu na bandari, akamngojea huko.

Odyek alifanya kama alivyoagizwa. Mara ya kwanza alipokanyaga, alishangaa. Gari lilimtii. Lilipungua kama linamsikiliza, bila kuvuta kushoto wala kulia, na moyo wake ukafunguka. Alirudia. Alirudia tena huku anaimba. Kila mara breki zilishika vizuri zaidi, na kila mara zilizidi joto.

Kisha ikaja harufu.

Kwanza alidhani ni kiwanda. Kisha akaona moshi mweusi unatoka kwenye gurudumu la kulia, na mwingine kwenye la kushoto. Mwendesha boda alimpungia akimwambia anawaka. Odyek alisimamisha gari karibu na wachuuzi wa samaki, akaruka chini, akaanguka kwa sababu ya ule urefu, akainuka.

Kutoka kwenye gurudumu kulikuwa kunadondoka kitu chekundu, kizito, kinachowaka kidogo kwenye ncha.

Mama mmoja aliyekuwa anapara sato hakungoja maelezo. Alibeba beseni lake na kulimwagia gurudumu lote, maji, magamba, matumbo na kichwa kimoja. Mwenzake akafanya hivyo hivyo upande wa pili. Mvuke ulipanda mpaka ukafunika pikapu nzima. Ulipoondoka, Nabilah alikuwa amesimama mbele yake.

Alichuchumaa. Akachukua spana, akachokoa plastiki iliyoganda kwenye kalipa, ikavutika kama ubani wa kutafuna. Akaiinua mbele ya macho ya Odyek.

Akamwuliza ni nini. Odyek akasema ni mapambo.

Angekasirika, Odyek angejua la kufanya. Lakini Nabilah alijifuta mikono, akaweka spana ndani ya mfuko wake, akapanda boda boda, akaondoka kuelekea mjini bila kugeuka. Odyek alibaki na gari lenye magamba. Alijaribu kumpigia. Simu iliita mpaka ikachoka.

Alikaa ukingoni mwa barabara akiwaza. Hakuogopa tena kukosa breki. Aliogopa kwamba amepata breki na amempoteza aliyezichagua.

*

Jumapili mteremko wa nyuma ulijaa watu.

Mzee Sulaimani alikuwa amefunga barabara kwa kamba ya kuanikia nguo. Alisimama pembeni ya pikapu na kuwahesabu waliopanda, kisha akawahesabu tena, desturi aliyotoka nayo kazini. Nyuma walikuwa shangazi zake Nabilah, wamejifunga mitandio vizuri na kushika kamba za spika, wakizungumza Kinubi, lugha ya kwao, wote kwa wakati mmoja. Pamoja nao walikuwa wajomba wa Odyek, watu warefu wa kabila la Walango walionyamaza kama walioletwa kortini. Mbele, kwenye kiti cha abiria, aliketi mama yake Odyek, Mama Abalo. Nyuma, mikononi mwa shangazi mkubwa kuliko wote, kulikuwa na sufuria ya malakwang. Mama Abalo aliipika tangu alfajiri, mboga zake chachu na njugu za kutosha, kwa sababu hakuwahi kwenda ukweni mikono mitupu na hakuona kwa nini breki zibadilishe hilo.

Kalipa zilikuwa zimesafishwa, diski zimekaguliwa, kila kitu kinang'aa kijivu. Odyek alimwuliza Opio nani amefanya kazi hiyo. Opio akaelekeza kidevu chini ya mlima.

Chini kabisa, katikati ya barabara, lilikuwepo sofa la rangi ya maziwa. Juu yake, mkono mmoja umelala kwenye egemeo kama mtu anayengoja chai, alikaa Nabilah.

Odyek alishuka mteremko kwa miguu, anakimbia. Alipofika hakuwa na pumzi. Alimwomba aondoke hapo. Alimwambia mzee ni mzee na amejitakia, lakini yeye hapana. Alimwambia pia kuhusu plastiki, kwamba ilikuwa upumbavu, kwamba hajui hata kwa nini aliitaka kiasi kile.

Nabilah alimsikiliza mpaka mwisho.

"Zile boliti nimezikaza mwenyewe na Opio asubuhi," alisema. "Kwa breki sina wasiwasi. Nimekuja kukuangalia wewe. Rudi juu."

Mzee Sulaimani aliteremka kukaa mahali pake, na nafasi moja ya sofa ikabaki wazi. Abdul-Latif, aliyekuja na miwani ya jua na simu ya kurekodia, alikuwa amewaambia watu wote pale kwamba gari lile halisimami hata kwa dua. Maneno yakamfikia Mzee Sulaimani. Mzee alisema mtu mwenye ujuzi kiasi hicho apewe kiti cha mbele. Alimshika mkono, akamkalisha kati yake na Nabilah, na hakumwachia mkono.

Odyek alipanda juu ya Twiga. Mama yake alimwambia asiendeshe haraka, kuna mboga. Akaachia breki ya mkono.

Pikapu ilianza taratibu, kisha ikashika kasi, maana mteremko ule hauna huruma na mzigo ulikuwa mkubwa. Miti ikaanza kupita. Shangazi wakaanza kusoma dua, na wajomba, ambao ni Wakatoliki, wakaitikia amina. Sofa lilikuwa dogo, likawa la kawaida, likawa kubwa. Odyek aliona kwenye miwani ya Abdul-Latif taswira ya pikapu yake, inakua.

 Alikumbuka Nabilah alivyomfundisha siku nyingi, naye akijifanya anajua: usipige pige, usingoje mpaka uogope, kanyaga mara moja na umaanishe.

Alikanyaga akamaanisha.

Breki zilishika. Nyuma nazo zilishika, kwa sababu kile kijiti sasa kilijua kabisa kwamba kimebebeshwa shangazi. Twiga iliinamisha pua, matairi yakaguna. Abdul-Latif alijaribu kuinuka na mzee akamrudisha chini kwa mkono ule ule. Pikapu ilinyoosha shingo kuelekea sofa, ikanyoosha, ikanyoosha.

Ikasimama.

Kati ya bampa na magoti ya Mzee Sulaimani pangepita sahani ya wali, ikishikwa kwa uangalifu.

Watu wote walisimama pamoja na gari. Sufuria peke yake haikusimama. Ilimtoka shangazi, ikapita juu ya kabini, ikajigeuza mara moja hewani kwa utulivu, ikatua kifudifudi juu ya kichwa cha Abdul-Latif. Malakwang ilimshuka taratibu, kwanza kwenye miwani, kisha mabegani. Mzee na binti yake hawakupata hata tone.

Mzee Sulaimani aliinuka. Alipapasa bampa. Aliinama akaangalia breki kati ya spoku za rimu, akaona ukijivu mtupu, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Kisha akachovya kidole kwenye bega la Abdul-Latif, akaonja, akamtazama Mama Abalo kule juu dirishani kwa heshima mpya.

"Limesimama," alitangaza. "Nimetoa."

Vigelegele vilipanda mpaka ndege wakahama miti. Odyek alishuka, na safari hii alikumbuka ule urefu. Nabilah alikuja akasimama karibu naye, bega kwa bega. Aligusa tairi kwa ncha ya kiatu, na Odyek akaelewa kwamba amesamehewa, labda si yote, lakini ya kutosha kuanzia.

Ni wakati huo ndipo kamba ya kuanikia nguo ilipoinuliwa, na chini yake akapita afisa wa trafiki, mwanamke mwenye sare nyeupe iliyopigwa pasi na jina Aloyo kifuani.

Alitazama sofa. Alitazama sufuria. Hakuuliza habari zake. Ilionekana kazini ameona makubwa zaidi. Alizunguka pikapu mara moja akiipima kwa macho, kichwa kimeinuliwa juu, juu zaidi. Akasema barabara imefungwa bila ruhusa, na gari lililobadilishwa kiasi hiki linatakiwa lipelekwe sasa hivi kituoni, likaguliwe. Mwenye gari aliendeshe mwenyewe, yeye atafuata nyuma.

"Mwenye gari ni nani?"

 Odyek aliwaza spika zake, harusi yake, siku ambazo Twiga ingelala kwenye uwanja wa polisi.

"Ni mimi," alisema Mzee Sulaimani.

Watu wote walimgeukia. Mzee alikuwa ameshasonga mbele, kifua nje, kama zamani akikagua lango. Alisema gari ni lake, kijana huyu ni mkwe wake na anamsaidia tu, na kama kuna wa kujibu basi atajibu yeye, askari kwa askari.  Mtu ambaye wiki nzima hakumwita Odyek hata kwa jina alikuwa amemwita mkwe mbele ya serikali.

Wajomba walimbeba mzee, wakampandisha hadi kwenye usukani. Mama Abalo alimsogezea nafasi na kumwuliza kama amekula. Mlango ulifungwa. Injini iliwaka, ikanguruma sana, ikanguruma zaidi. Afisa Aloyo alipanda pikipiki yake.

Odyek alimpungia mkwe wake machozi yakimlenga. Alimwambia Nabilah kwamba hakujua baba yake ana moyo kama ule.

 Nabilah alikuwa amegeuka rangi, na mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga lami kwa nguvu zote.

"Odyek," alisema polepole. "Baba hajawahi kuendesha gari maishani mwake."